Divai Iliyosimama Wima

Nilitoka Tanga na meli ya shehena, nikalala wiki nzima Majunga nikiugua homa, kisha nikateremshwa Moroni kwa mashua, maana meli kubwa hutia nanga mbali. Moroni hapakuwa na kazi. Ofisi zilikuwa zimefungwa, makaratasi ya serikali yamechomwa, na vijana wenye bunduki ndio walioamua mambo. Nikavuka hadi Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Huko nahodha wa meli ya Reunion aliniahidi kazi ya jikoni. Nilikuwa nimehudumu miaka sita kwenye meli za Wafaransa, nikajifunza kuipima divai ya zamani kwa macho na pua, bila kuionja.

Nilipanga kwa mpishi mzee aliyewahi kuishi Unguja. Mkewe alikuwa akipofuka. Tajiri wa yule mzee, Mfaransa, alipoondoka baada ya uhuru, alimwachia chupa kumi na mbili za divai nyekundu ya Bordeaux. Nahodha alisema divai ikiwa nzima, ataipokea iwe nauli ya kumpeleka yule mama hospitali ya Reunion. Mimi ndiye wa kuipima.

Nilizikuta chupa zimesimama wima karibu na jiko.

"Nani kazisimamisha?"

"Mimi," mzee akasema. "Tajiri aliziacha zimelala. Likivuja tone moja, humu tutasali wapi?"

Chupa ikisimama miaka kwenye joto, kizibo hukauka, hewa ikaingia. Niliinua ya kwanza mbele ya mshumaa: divai imeshuka chini ya bega la chupa. Kizibo kikasagika mkononi. Divai njema ya umri ule huwa na rangi ya tofali ukingoni, na harufu ya tumbaku na sanduku la msandali. Hii ilikuwa kama maji ya kutu, ikinichoma pua.

"Kimya hicho cha nini?" mama akauliza kutoka uani. "Au pua ya Tanga inajua papa tu?"

Nikafungua ya pili, na ya tatu.

"Imekuwa siki, mzee."

"Yenyewe? Hakuna aliyetia kitu?"

"Yenyewe."

"Basi sasa si pombe tena, ni halali," akasema, akaketi juu ya mbuzi ya nazi.

Mama akaja akipapasa ukuta. "Mwanangu, mwambie nahodha ni nzuri."

Nahodha angefungua moja siku hiyohiyo, na kazi yangu ingeishia hapo. Nikamwambia nahodha kweli.

Kesho yake nilipanda meli ile, nisirudi tena. Chumba cha melini alichotengewa mama kilikaa kitupu hadi Reunion. Mimi ndiye niliyekifagia.