Miguu Chini ya Kwapa

Mimi kutunga siwezi. Hata ujumbe mfupi wa kumsalimu mjomba naufuta na kuuandika upya mpaka salamu zenyewe zinapoa. Kwa hiyo haya sikuyatunga. Yalinipata mchana kweupe, kwenye ziwa letu dogo upande wa bara kutoka Msambweni, nikiwa na akili zangu timamu na panga mkononi.

Msimu ule magugu yalikuwa yamelifunga ziwa. Ng'ombe walikwama matopeni wakitafuta maji, basi kikundi chetu kikaingia kazini kukata matete na kusafisha ukingo. Mkuu wetu ni Bi Mejumaa, mama wa mzaha mwingi. Ada ya kwetu ni kwamba ukisafisha maji, pembe moja haiguswi. Ni ya mwenyewe. Mwenyewe ni nani? Nilipouliza, Bi Mejumaa alicheka tu.

"Wewe ukiachiwa utalifagia ziwa mpaka samaki wakose pa kulala."

Alinijua. Pembe ile ilinikera. Kesho yake nilitarajia wageni wangu wa kwanza, watalii kutoka Diani, niwatembeze kutazama ndege. Mambo ya ndege nimejifunza mwenyewe, kwa kutazama na kupekua simu, na kila siku ninaogopa atakuja mtu anayejua aniumbue. Sasa ukingo mzima safi kama ua uliofagiwa, halafu pale pembeni matete yamesimama kama nywele alizozisahau kinyozi. Wewe ungelala?

Basi wenzangu walipokwenda kuswali adhuhuri na kula, nikarudi peke yangu. Nilikata, nikang'oa, nikavuta yote pamoja na mayungiyungi, nikayarundika vizuri kwenye njia ya ng'ombe. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia mtu akinitakia kazi njema kutoka majini.

Alikuwa mwanamume mwembamba, shati na kikoi vya rangi ya kutu, kipaji cha uso cha samawati. Alisimama mahali ambapo mimi maji hunifika kifuani. Niamini, alisimama juu ya majani ya mayungiyungi, na majani hayakuzama. Huku kwetu tumefundishwa tangu utotoni: ukimtilia mtu shaka, mtazame miguu. Nikatazama. Hazikuwa kwato. Vilikuwa vidole, virefu kama njiti za makuti, vimetandazwa juu ya maji.

Utashangaa, sikukimbia. Mimi huogopa watu na makosa. Kwa yule nilitaka tu kujua. Mikono alikuwa ameibana mbavuni kama mtu anayehisi baridi, na chini ya makwapa yake ilining'inia miguu midogo, myembamba, mingi, ikitikisika.

"Shikamoo," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako nzuri," akajibu taratibu, kwa Kiswahili cha watu wazima wa kijiji cha Bodo. "Ila mmoja simwoni."

Hakunyosha kidole, maana mikono hakuweza kuifungua. Alilitazama tu rundo langu. Na wakati huohuo nikasikia kengele za ng'ombe zikishuka njiani.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Nikalipangua lile rundo, shina kwa shina, natupa huku na huku, ng'ombe wa mbele namrushia matope arudi nyuma. Chini kabisa, ndani ya jani lililojikunja, kitu kikadunda kiganjani mwangu. Kilikuwa kifaranga, chepesi kuliko kiberiti, miguu mirefu kupita mwili. Nikaingia majini na nguo zangu, nikakiinua. Yule mtu akafungua kwapa, kifaranga kikajipenyeza chenyewe, miguu ikabaki nje pamoja na mingine.

"Niachie palipobaki," akasema.

Nilipangusa jasho machoni mara moja tu. Juu ya majani palikuwa na ndege wa kahawia, akienda zake polepole, na miguu ya watoto ikining'inia chini ya mbawa.

Jioni nilimweleza Bi Mejumaa. Kwa mara ya kwanza hakutia mzaha.

"Alikuomba au alikuamuru?"

Nikamwambia aliniomba.

"Basi shukuru. Wala usirudie."

Wageni walikuja, wakamwona yule ndege, wakapiga picha kwa furaha. Waliponiuliza jina lake kwa Kiswahili nilisema silijui, na ajabu ni kwamba sikuona haya. Lakini ule mdundo wa kifaranga haujaniondoka. Nikifagia ua nikakaribia kona ya mwisho, kiganja changu cha kulia kinaanza kudunda, kidogo kidogo, kama kimeshika kitu kilicho hai. Nami huweka ufagio chini. Mama hulalamika kwamba kwetu daima kuna kona chafu. Mwache alalamike.

Nawe siku utakayokwenda kusafisha ukingo wa maji ya watu, ukaambiwa pembe fulani iache, iache ilivyo, hata ikikukera namna gani. Na kama umeshaikata, usinawe mikono kwanza. Pangua rundo lako.