Ndoo ya Zuwena

Jumanne ile tuliamka kama siku zote. Zuwena akabandika uji, mimi nikafagia ua. Ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, na hatukujua.

Mke wangu alikuwa mshona matanga, yale madogo ya watu wanaosimama juu ya ubao wakasukumwa na upepo, hapa pwani ya Bagamoyo. Mwaka juzi mmoja wao, Mwinyijuma, alivunjikiwa na bumu mbali. Bumu ni lile gongo la kaboni lililopinda, ndilo wanaloshika. Alishinda majini mchana kutwa kakumbatia ubao. Walipomleta hakuweza kusema. Tangu hapo Zuwena akawa hataki bumu litoke kabla hajalipima uani kwetu.

Kila bumu alililaza juu ya vigoda viwili, katikati akaning'iniza ndoo iliyojaa maji, akatia alama ya mkaa ukutani pale lilipobonyea. Linalobonyea zaidi limechoka ndani, hata kama nje linang'aa.

Jumanne hiyo Sufiani, mtoto wa kaka yake, alileta mawili. Moja lilianguka kutoka juu ya bajaji, naye hakumbuki lipi. Yanafanana kama mapacha.

"Baba Adila, jaza mpaka ukingoni," Zuwena akaniambia.

Nikajaza. Bumu la kwanza likapimwa. Zuwena akaingia jikoni, uji ulikuwa unafura. Nami nikataka kuswali Dhuha. Maji ya bomba yalikatika tangu jana, ndoo iko mbele yangu. Nikachota makopo mawili, nikatawadha, nikaingia ndani.

Nyuma yangu akapima la pili. Likabonyea kidogo kuliko la kwanza. Akalifunga uzi mwekundu, maana yake hili zima. Sufiani akalichukua akaenda nalo baharini.

Nilipotoka nikaiona ndoo. Pungufu.

Bumu la pili limepimwa kwa uzito mdogo. Nikanywa uji nusu bakuli. Nikaogopa kumwambia, nikaogopa zaidi kutomwambia.

"Zuwena. Nilitawadhia maji ya kipimo."

Aliweka bakuli chini. Hakunigombeza. Akajitanda kanga, akatoka mbio, peku. Nikamfuata.

Ufukweni tukamkuta Sufiani keshaondoka. Tanga lake kule mbali lilikuwa kama ukucha. Upepo ulikuwa mkali. Kila likilala, Zuwena alinibana mkono. Likiinuka, hakuachia. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lile lote. Nilisoma dua niliyoijua, nikarudia ileile. Mara tanga likapotea kabisa. Sikuweza kumtazama usoni.

Likatokea tena. Likaja taratibu, taratibu, mpaka tukamwona meno.

"Shikamooni. Mbona peku, shangazi? Mmefukuzwa nyumbani?"

"Marahaba. Shuka. Nipe hilo."

"Ndo kwanza limenikolea."

"Shuka, Sufiani."

Alilibeba mwenyewe mpaka nyumbani, hakutaka nimpokee. Tukapima upya. Ndoo ilijaa, lile la uzi mwekundu likashuka, likaipita alama ya mwenzake kwa vidole viwili. Likalia kidogo, kama mkeka unapokunjwa. Sufiani aliacha utani wake. Akakaa kwenye kizingiti.

Alhamisi alfajiri Zuwena hakuamka. Presha, walisema. Alikuwa nayo miaka mingi. Lakini mimi najua alivyokimbia, najua mkono ule ulivyokuwa baridi. Watu wananiambia ni siku yake ilifika. Naitikia. Hofu haijaniacha. Nikitawadha, naitazama ndoo kwanza.

Sikwenda shule, na maneno yake mengi yamenipotea. Moja ninalo. Siku ile, kabla ya kupima upya, nilishika ndoo nikajaze. Akanipokonya, akacheka kidogo, akasema:

"Baba Adila, leo najaza mwenyewe. Wewe katawadhe kwa jirani."