Siku Tatu za Pélagie Ziwani Garda

Alphonse hawezi kula yai bila kuwatangazia majirani. Aliponunua kochi, alimwita mchungaji aje kulibariki. Kwa hiyo mkewe Pélagie aliponifuata dukani kwangu Hallunda, hapa Sweden, ninakouza vitenge, akaniambia wanapanga kwenda Italia kupumzika, nilikuwa na swali moja tu.

"Umemwambia afunge mdomo?"

"Ameapa."

Nikacheka.

Pélagie anahudumia wazee wa Vällingby. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawasikiliza wakilalamikia viazi. Akirudi nyumbani anakuta wageni wa Alphonse: kwaya, kamati ya harusi, kamati ya msiba, wote wana njaa. Sebule yake ni stendi ya basi, ila stendi hapikiwi mtu. Alichotaka ni siku tatu kando ya Ziwa Garda, chumba chenye dirisha, bila sufuria na bila mtu wa kupiga hodi. Alichagua Oktoba, watalii wakiwa wameshaondoka, akambana mwenye chumba kwa simu mpaka akaongezewa kifungua kinywa bure. Kwa hilo nilimheshimu. Binti yao Bella, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ndiye aliyewakatia tiketi: ndege mpaka Milano, kisha treni.

Mpango mzuri. Ulidumu mpaka Jumapili.

Kanisani Alphonse ni shemasi, na shemasi hupewa maikrofoni asome matangazo. Akayasoma, kisha akakohoa kile kikohozi chake cha ukubwa. "Wapendwa, tuombeeni. Mimi na mama tunakwenda Italia kupumzika kidogo."

Watu wetu wakisikia mtu anasafiri, wanachosikia ni lori limepatikana. Muumini mwenzetu Dancille alikuwa wa kwanza mlangoni, na mfuko wa ndagala, wale dagaa wakavu, kwa ajili ya kaka yake aliyeko Brescia. Mwingine akaleta unga wa muhogo, mwingine suti ya bwana harusi. Samaki waliovuliwa Tanganyika na kufika Sweden sasa walitakiwa kwenda kuona ziwa jingine, wakiwa wakavu vilevile. Alphonse akapokea vyote kwa mikono miwili, anatabasamu kama waziri. Hajui kusema hapana, na anadhani huo ni upole. Ni uvivu.

Jioni Dieumerci, binamu yake wa Brescia aliyeshapata habari, akampigia simu.

"Kaka, hoteli ya nini na mimi nipo? Unataka watu waniseme? Mnalala kwangu! Kamati ya harusi ya huku inakungoja, na shemeji atawasaidia wamama jikoni."

"Sawa, sawa," akasema Alphonse.

Pélagie alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi.

"Papa Bella, nilikuomba kitu kimoja."

"Kwani kuombewa ni dhambi?"

"Ulitaka kuombewa, au ulitaka kuonekana?"

"Sasa nimkatae binamu? Na mizigo nimeshaipokea!"

Pélagie hakubishana. Kesho yake alikuja dukani, tukaitazama ramani kwenye simu yake. Treni ya kwenda ziwani hupita Brescia kwanza. Desenzano, penye maji na penye chumba chake, iko mbele. Akazima simu, akaniaga. Nilijua kichwani mwake ameshafunga biashara.

Alimfungia mumewe sanduku kubwa, ndagala wakiwa juu ya mashati. La kwake lilikuwa begi dogo na gauni la kulalia.

"Treni ni moja, Papa Bella. Wewe Brescia, mimi Desenzano."

Alphonse akacheka. Aliona utani.

Treni ilipofika Brescia akashuka na mizigo, jasho linamtoka, abiria wanaziba pua. Akageuka ampokee mkewe. Mke hajanyanyuka.

"Mama Bella, shuka! Nitawaambia nini?"

"Waambie nimekuja kupumzika. Msalimie Dieumerci."

Mlango ukajifunga.

Siku zote tatu Alphonse alikaa kwenye kamati, akijadili rangi ya vitambaa vya meza, akalala kwenye kochi ambalo hakuna mchungaji aliyelibariki. Ziwa hakuliona hata kwa mbali.

Jumapili waliporudi, akashika maikrofoni.

"Wapendwa, maji yale ya Garda! Na milima ile! Nilisimama ukingoni nikamtukuza Bwana."

Watu wakaitikia amina. Dancille alifuta machozi. Pélagie alikuwa amekaa, uso umejaa, macho hayana tena ule wekundu wa kila siku. Nje nikamuuliza ziwa lilikuwaje.

"Muulize shemasi," akasema. "Mimi nililala."