Kadi ya Pikapu

Wote walimwita Mama Makochi, kwa sababu mtaani kwao hapakuwa na mkono mwingine ulioweza kulivua kochi kuukuu likabaki mifupa, kisha likavishwa upya hata mwenyewe asilitambue. Mumewe alipofungasha vyake na kuhamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili, alimwachia binti mmoja na pikapu mbovu uani.

"Hicho chuma chakavu baki nacho," alisema, akaenda zake. Kwa miaka kumi na mmoja kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva.

Kazi ilipoongezeka, na makochi yakawa yanafika kwa wateja yamechanwa na mkokoteni, Mama Makochi alijifunga kibwebwe. Alileta makanika, akatafuta injini ya mtumba, akavalisha tairi. Viti alivishona mwenyewe kwa ngozi nyekundu iliyobaki. Siku pikapu ilipokohoa ikawaka, binti yake alipiga honi mpaka majirani wakachungulia madirishani.

Kwenye ofisi ya usajili, karani kijana alitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mama, gari hili linadaiwa ada ya barabara ya miaka kumi na mmoja. Na faini juu yake."

"Mwanangu, halijaigusa barabara. Lilikuwa uani, kuku ndani."

"Mlitoa taarifa kwamba limeegeshwa?"

"Kwa nani?"

"Kwetu. Kuna fomu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara arobaini tangu asubuhi.

Mama Makochi alikuwa na cherehani mbili. Aliiuza ile nzito ya kushonea ngozi, akarudi akalipa zote. Risiti zilipotoka, zilikuwa na jina la mumewe.

"Risiti inafuata jina la kwenye kadi ya gari, mama," karani alimweleza. "Sasa mwenye kadi asaini kukuhamishia. Ni saini moja tu."

Jioni hiyo alikwenda kwa mumewe pamoja na binti. Walikaribishwa vizuri, wakapewa viti. Mume alizipitia risiti moja moja, akilamba kidole.

"Umelipa zote?"

"Zote, baba watoto. Imebaki saini yako."

"Niachie nizisome kwa utulivu. Jumatatu twende ofisini wote."

Njiani binti alisema, "Mama, ungerudi nazo."

"Ni baba yako yule," Mama Makochi alimjibu.

Jumatatu mume alifika uani kwa Mama Makochi kabla ofisi hazijafunguliwa, akiwa na dereva na askari. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati. Mama Makochi alileta stakabadhi ya injini, akamwita makanika aje ashuhudie. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Mama, injini kadai mahakamani. Gari ni la mwenye kadi, na halidaiwi kitu."

"Umelitunza, sikatai," mume alisema kwa upole, huku akibonyeza kiti kuona ugumu wake.

Binti alikwishakwenda kusimama getini, ameshika komeo kwa mikono miwili, macho yamemwiva. Dereva aliwasha, akangoja.

"Wafungulie, mwanangu," Mama Makochi alisema.

Binti alifungua, lakini hakumtazama baba yake alipopita, na tangu siku ile hajamwita baba tena.

Mama Makochi alishtaki. Kesi iliahirishwa mara tatu, na ya nne ikafika pikapu imekwisha kuuzwa kwa mtu wa mbali, ambaye hakujishughulisha kubadilisha kadi. Kazi za ngozi sasa alizipeleka kwa fundi mwenzake, wakagawana kipato, na wateja wakubwa wakazoea kwenda moja kwa moja kwa yule fundi.

Kitu kimoja hakukifikiria: kwenye fomu za malipo alikuwa ameandika namba yake ya simu. Kila mwaka ukianza, ujumbe unaingia kwake: Ndugu mmiliki, ada ya gari lako imefika. Binti humwambia aende ofisini wamfute. Yeye hujibu kwamba foleni za kule amezimaliza.

Mwaka huu ujumbe umesema gari linadaiwa miaka mitatu, na faini juu yake. Aliusoma mara mbili, akailaza simu kifudifudi juu ya meza, akashika koleo na kuendelea kung'oa misumari ya kochi la watu.