Kipande cha Mwisho cha Jibini

Mwanangu, nimekuona ukirudi kutoka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane umeshiba, mfuko umejaa vikopo vya kuonjea mtindi, unacheka. Nimechoka, miguu inauma, nami si mtu wa mahubiri. Lakini keti. Iko siku moja inanirudia kila mwezi wa nane, nitake nisitake.

Nilikuwa msichana wa umri wako, nakaa kwa dada yangu Soweto, hapa hapa Mbeya. Asubuhi ya maonyesho sikugusa chai, makusudi, ili tumbo libaki na nafasi. Nikaonja asali, nikaonja mtindi, nikaonja juisi, bila kununua hata pipi. Mlaji ni mla leo, nilijiambia. Ujana nao haukosi maneno.

Pembeni alisimama Mama Kalinga, mama wa makamo aliyetoka Tosamaganga kwa basi, na jibini moja tu alilotengeneza kwa maziwa ya ng'ombe wake. Alikuwa amelikata vipande vidogo kwenye sahani, kila kimoja na kijiti chake. Nikaonja. Tamu! Nikazunguka, nikavua sweta asinitambue, licha ya baridi ile, nikarudi. Mara ya tatu nilifungua kitenge kiunoni nikajitanda kichwani, nikajiona mjanja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alinipa kipande cha mwisho.

"Kamwene, karibu," akanisalimu kwa lugha ya kwao, kama hajawahi kuniona.

Sijamaliza kutafuna, akafika mwenye hoteli moja ya mjini, daftari mkononi, anatafuta jibini la kununua kila wiki. Akaomba aonje. Mama akatazama sahani, vijiti vitupu.

"Limeisha, baba. Lakini ni zuri."

"Haya mama, nitapita tena." Akaenda meza ya jirani, akaonja la kule, akaandika. Hakupita tena.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama hakunifokea. Alikusanya vijiti taratibu, akaniambia, "Binti, nilikujua tangu uliporudi bila sweta. Kwetu mgeni hafukuzwi kwenye sahani. Ila mimi sijui kusema mbele ya watu. Kile kipande ndicho kingenisemea."

Mwaka uliofuata nilikwenda na hela ya kununua jibini zima. Pale pembeni palikuwa na mtu mwingine. Akaniambia yule mama aliuza ng'ombe. Huenda ilikuwa ada ya watoto, huenda ugonjwa, sijui. Huenda ni mimi. Sikupata wa kumwomba radhi, ndiyo maana leo nakuchosha wewe.

Basi onja, mwanangu, sikukatazi. Wenyewe wamekuja ili tuonje. Onja mara moja. Uliza jina la aliyetengeneza, na ukiona ni kitamu sema kwa sauti, wapitao wasikie. Kikibaki kimoja, kiache, hata ukikaribishwa, maana kuna watu hawajui kukataa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wewe leo umeshiba.

Nenda ukapumzike. Mungu akupe mikono ya kutengeneza kitu chako mwenyewe. Na siku utakaposimama upande wa pili wa meza, na sahani moja tu mbele yako, asikuletee binti kama nilivyokuwa mimi.