Kiondo Kilichorudi na Nduma

Kiondo cha katani kikinyeshewa hutoa harufu yake, kama kamba ya ng'ombe iliyolala nje. Wiki iliyopita niliisikia sebuleni kwangu, nikaketi. Mimi si mtu wa kuketi ovyo. Niko na malori manne na nyumba ya ghorofa hapa Othaya, na darasa la sita sikulimaliza. Waliolimaliza ndio wananiita bosi. Lakini ile harufu ilinirudisha utotoni.

Nililelewa na nyanya yangu, Cucu. Mume wake aliingia msituni wakati wa vita vya Mau Mau, hakurudi. Mashamba yalipopimwa, la kwetu likaandikwa jina la jirani aliyekuwa homugadi, aliyepigana upande wa Mzungu. Wao wakawa na bati na ng'ombe wa gredi. Sisi tukabaki na kipande kando ya mto, na msimamo. "Kwa ile nyumba hatuli," Cucu alisema. "Hata chumvi."

Mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano, nikiwa na miaka tisa, mke wa jirani, Mama Wanjohi, alituletea kiondo cha unga na sukari. Cucu hakukifungua. "Mume wangu," akaniambia, maana nina jina la babu, "kirudishe vile kilikuja."

Kwetu kiondo cha zawadi hurudi na kitu kidogo ndani, kuonyesha umekubali. Kikirudi vile kilivyokuja, hayo ni matusi.

Sasa, njaa. Njiani, pale mtoni, nililamba sukari kiganjani hadi ikaisha, nikauficha unga kichakani. Kiondo kikawa chepesi, nikaogopa. Nikang'oa nduma zetu mbili, nikazitia ndani kiwe na uzito, nikakipeleka.

Jioni Mama Wanjohi akaja, nduma mkononi, macho mekundu. Kwa miaka kama thelathini hakuwa amekanyaga mlango wetu.

"Umenirudishia kiondo kama mtu," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja."

Cucu aliniangalia. Sukari ilikuwa imeganda kidevuni mwangu. Nikangoja kiboko. Neno moja tu lingemfukuza yule mama.

"Basi," akasema polepole, "mwenye boma ameamua. Kaa nikupikie chai."

Wakanywa bila sukari, bila maneno mengi.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimdanganya Cucu. Kumbe naye alikuwa amechoka, akingoja tu mtu wa kumwondolea ule mzigo bila yeye kuomba.

Kiondo cha wiki iliyopita nilikuwa nimempelekea mjane wa dereva wangu. Marehemu aliniambia mara mbili kwamba breki za lori lake ni mbovu, nikamwambia amalizie safari. Kiondo kimerudi na unga wangu, na sukari yangu, karatasi haijafunguliwa.

Nimekichungulia mara tatu sasa, ati pengine njiani kulikuwa na mtoto mwenye njaa.