Nilivyokwenda Muthetheni Kuona Mlolongo wa Zahanati

Niliondoka nyumbani na hasira zangu. Nasema mapema, msije mkadhani nilikwenda kutembea. Zahanati yetu, huku upande wa Taveta, ilikuwa na chumba cha kujifungulia chenye kuta nzuri na kufuli nzuri, na ndani hakuna kitanda, hakuna taa, hakuna maji. Mkamwana wangu Zawadi alikipita chumba hicho akiwa juu ya bodaboda na uchungu umemshika, anakimbizwa hospitali ya mbali. Akajifungulia njiani, kando ya shamba la watu. Mtoto alilia mara moja tu, akanyamaza. Tulimzika kesho yake, na tangu siku hiyo sikumsalimia tena Mzee Mwadime.

Mzee Mwadime ni mwenzangu kwenye kamati ya zahanati. Serikali ya kaunti hutuletea fungu letu la pesa, dogo na la kuchelewa, na kamati ndiyo huamua litumike vipi. Mimi nilitaka vifaa vya kile chumba. Yeye alitaka mtaro wa kuzuia ndovu, maana ndovu waliwahi kuingia uani wakavunja tangi, na mlinzi akaponea chupuchupu. Tuligombana kikao baada ya kikao, kabla ya msiba na baada yake. Nilimwambia mbele ya watu kwamba sijasikia ndovu aliyekufa kwa kukosa mkunga. Akanijibu kwamba mjamzito akikutana na ndovu uani hatahitaji mkunga tena. Kamati ikapasuka mapande mawili, huku mwaka wa serikali unaelekea kwisha. Tusipokubaliana, fungu lingerudi lilikotoka na chumba kibaki na kufuli yake.

Aliyenitoa nyumbani ni Mumbua. Huyu ni mchuuzi wa ndizi kutoka Masii, Machakos. Huja soko la Taveta kununua kwangu, na tumezoeana mpaka tunatukanana kwa mapenzi. Nilipomlilia shida yangu akasema, "Mama Wakesho, huko kwetu sisi hatugombani hivyo. Tunapiga mlolongo. Wiki ijayo zahanati yetu iko na mkutano, kuja uone." Nikacheka hadi mbavu zikauma. Mlolongo! Sisi tuliopiga kura enzi zile za kusimama nyuma ya wagombea tunakumbuka mstari mfupi ulivyotangazwa kuwa mrefu. Lakini kuuliza si ujinga. Nikakata mkungu wa ndizi wa kupeleka zawadi, nikafunga safari.

Voi, asubuhi, nilipanda gari moshi lile linalosimama kila kituo. Nilipata kiti dirishani, mkungu wangu nikauweka miguuni. Tulipoingia Tsavo abiria wakaanza kupiga kelele, "Ndovu! Ndovu!" na kila mtu akatoa simu apige picha. Mimi niligeuza uso upande wa pili. Siku hiyo sikuwa na haja nao.

Athi River, mchana, jua lilikuwa linachoma na vumbi la viwanda limetanda. Nje ya stesheni vijana wa bodaboda wakanizunguka. "Niaje mathe! Hiyo ndizi ni ya kuuza?" akauliza mmoja. Nikamwambia ina wenyewe. "Si utuachie tu mbili, mathe, tuko na njaa mbaya." Nikamkaripia kwamba kijana mzima hapaswi kuomba ndizi barabarani, halafu nikawavunjia kichane kizima. Basi walinibebea mzigo hadi kwenye gari la Machakos, wakamwonya dereva asinilipishe kupita kiasi. Nilivyowafikiria mwanzo sivyo walivyokuwa.

Tulipouacha mji wa Machakos na kushika njia ya Masii, alasiri, nilianza kushangaa. Vilima vimekatwa matuta toka kileleni hadi bondeni, mstari juu ya mstari, na nchi yenyewe kavu! Nikamuuliza mama niliyeketi naye ni trekta la nani lililofanya kazi ile. "Trekta?" akaguna. "Hiyo ni mwethya." Akanieleza kwamba mwethya ni majirani wanaokusanyika na majembe, leo wakalima kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayemlipa mwenzake. Niliyatazama yale matuta mpaka tukafika.

Masii, jioni, Mumbua alinipokea kwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nilikula nikaongeza. Tulipomaliza ndipo akanieleza kilichokuwa kinawasumbua. Zahanati yao iko upande wa Muthetheni, na ina muuguzi mmoja tu, Sista Ndinda. Hana nyumba pale. Amepanga Masii, anakuja asubuhi, jioni anaondoka, na mama akishikwa na uchungu usiku anakuta mlango umefungwa. "Sista amechoka na hiyo barabara," Mumbua akasema. "Amesema kama mwaka huu hakuna nyumba, anaomba uhamisho. Na akienda, mwingine hatuletewi leo wala kesho." Nikauliza shida iko wapi basi, si wamjengee nyumba? "Kuna wale wanataka ua wa waya. Ng'ombe wanaingia mpaka mlangoni, na majirani wanakula shamba la zahanati polepole. Pesa inatosha kitu moja." Nilijiona nimefika kwetu.

Muthetheni, asubuhi yake, niliingia zahanati ile nimejiandaa kukosoa, na nikakosa pa kuanzia. Uwanja umefagiwa. Akina mama wamekaa kwenye benchi na watoto wao, wanaitwa kwa zamu, hakuna anayeruka foleni. Mlangoni kuna ubao ulioandikwa kwa chaki dawa zilizopo na zilizokwisha, ili mtu asipoteze siku yake, na chini yake fungu lililotoka kaunti na lilikotumika. Nimekaa kwenye kamati miaka mingi na sijawahi kuwaza kuweka mambo yetu nje namna hiyo. Sista Ndinda mwenyewe ni mwanamke mwembamba, mpole, mwenye mikono ya haraka. Nikampongeza kwa ubao. "Zamani walikuwa wananiambia nimeuza dawa," akasema. "Sasa wanaona imeisha kabla hawajaniuliza. Wanaenda kuuliza kaunti." Alicheka, lakini macho yalikuwa yamechoka.

Saa nne watu walikuwa wamejaa uwanjani. Hakukuwa na meza kuu wala wageni wa heshima. Kwanza alisimama Nzioka, mkulima mwenye sauti nzito, akasema ya ua. Halafu akasimama Mumbua akasema ya nyumba, na alisema vizuri hadi nikapiga makofi peke yangu. Kisha wakasimama wote wawili, huyu kushoto na yule kulia, na mwenyekiti akasema, "Haya, simameni."

Jamani! Mwanzo mistari ilikwenda sawa, halafu wa Nzioka ukaanza kurefuka. Ukafika benchi, ukafika mti wa lango. Sista Ndinda alikuwa amesimama barazani na koti lake jeupe, anatazama. Halafu nikamwona mama mmoja, tumbo limefika hapa, wa kujifungua wiki hiyo au ijayo, anatembea polepole kwenda kusimama nyuma ya Nzioka. Nilishindwa kuvumilia. Mgeni gani mimi! Nikamfuata mbio. "Mwanangu, wewe na tumbo hilo unachagua waya?"

Alinitazama akatabasamu. "Mwaitu," akaniita, yaani mama yangu kwa Kikamba, "waya utaitoa wapi kama si dukani? Waya ni ya kununua. Lakini tofali, si udongo iko hapa? Hii mstari ikipata pesa, hii mstari ndio inaanza kujenga ile nyumba. Ndio sheria yetu. Yule amepata pesa anatoa mikono."

"Na wasipoitoa?"

Mumbua, aliyekuwa ametusikia, akanijibu kutoka kwenye mstari wake uliokuwa umeshindwa. "Si umewaona wamesimama? Na mimi nimewaona. Kila mtu hapa amemwona kila mtu. Kazi ni Alhamisi. Mtu asipokuja, atapita njia gani kwenda soko?"

Mlolongo wetu wa zamani ulikuwa wa kuhesabu watu na kuwadanganya. Huu wao ni wa kuonana uso kwa uso, ili anayeshinda asijifiche. Ua ulishinda. Nzioka hakushangilia. Alivua kofia akasema, "Alhamisi mapema, kila mtu nyuma yangu aje na jembe." Sista Ndinda aligeuka akaingia ndani kuendelea na wagonjwa, na sikuweza kujua kama amefurahi au ameudhika.

Nilikuwa niondoke kesho yake. Nikabaki. Nilitaka kuona hiyo Alhamisi kwa macho yangu, maana ahadi za mkutanoni nazijua. Basi walikuja! Walikuja wanaume kwa wanawake, na punda wenye mitungi ya maji, na vibao vya kufyatulia matofali. Nzioka alikuwa kwenye udongo hadi magotini. Waliokosa wakatumiwa mtu kwenda kuwaita, na wakaja wakichekwa. Adhuhuri matofali yalikuwa yametandazwa kwenye nyasi, safu kwa safu, yanakauka. Nikamwambia Mumbua kwamba nyumba haina mabati. "Mabati ni ya kununua," akasema. "Hiyo ni fungu lijalo." Sidai kwamba mambo yao yamenyooka yote. Fungu lijalo nalo huchelewa kwao kama linavyochelewa kwetu, na muuguzi mmoja bado ni mmoja. Lakini watu wale hawakungoja serikali iwafanyie lile wanaloweza, wala hawakuisamehe lile iliyo na wajibu wa kulitoa.

Mchana Sista Ndinda alitoka. Aliyaangalia matofali muda mrefu, akavua viatu, akaingia kwenye udongo na gauni lake la kazi, akafyatua tofali moja. Lilitoka limepinda, watu wakamcheka sana, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko. "Nitangoja," akasema. Mumbua alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Nilirudi kwa njia ile ile, Masii, Machakos, Athi River, na njia nzima nilikuwa nazungumza na Mzee Mwadime kichwani mwangu. Nilikwenda Machakos kutafuta namna ya kumshinda. Kitanda cha kuzalia hakichongwi na majirani, taa ya jua haichimbwi ardhini. Lakini mtaro? Mtaro ni jembe tu na watu wa kulishika. Na kama fungu nalitaka mimi, basi jembe ni langu.

Taveta, kikao kilichofuata, wengi wenu majirani zangu mlikuwapo. Mliona nilivyosimama nikasema pesa inunue kitanda, taa na bomba, na mtaro wa ndovu tuuchimbe sisi tulioitaka hiyo pesa, na mimi ndiye wa kwanza. Mzee Mwadime alinitazama kwa mashaka. "Wewe uchimbe mtaro wangu?" Nikamjibu, "Wa ndovu, Mzee, si wako." Mkacheka, mkasimama mstari, wangu ukashinda, nami niliwakariri nyuso mmoja mmoja. Leo chumba kina kitanda na taa, na watoto wameshazaliwa mle. Hayo mnayajua. Ninachotaka kuwaambia ni cha siku ya kwanza ya mtaro, kabla hamjafika.

Nilifika mapema nikidhani niko peke yangu, nikamkuta Mzee Mwadime ameshaanza. Hatukusalimiana. Nilishika upande wangu, yeye wake, tukachimba. Udongo ulikuwa mgumu, mikono ikaanza kuniwaka moto. Baada ya muda akasema bila kuinua kichwa, "Sikuja matangani. Niliogopa ungenifukuza."

"Ningekufukuza," nikasema.

Akachimba tena kidogo. Halafu akasimama, akaegemea jembe. "Mama Wakesho, yule mtoto mlikuwa mmempa jina?"

Tangu tumzike, hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Waliniambia pole, waliniambia ni mapenzi ya Mungu, waliniambia Zawadi bado ni kijana, atazaa tena.

"Mghoi," nikamwambia. "Jina la mama yangu."

Nikakaa chini kwenye udongo nikalia mpaka nikachoka, na Mzee Mwadime akaendelea kuchimba, upande wake na upande wangu.